Mnara Upande Usiofaa: Kisa cha Bwawa Moja la Ndege Dodoma

Mchoro ulioletwa kijijini ulikuwa na mnara wa ghorofa mbili wa kutazamia ndege, njia ya mbao ya kupita juu ya tope, banda la vinywaji, vyoo, maegesho ya magari, na uzio wa seng'enge kufuata ufuko wote wa magharibi. Kwenye kona ya juu mchoraji alikuwa ameweka kundi la heroe, wale flamingo wa rangi ya waridi. Mfadhili alikuwa tayari, na halmashauri ya kijiji ilitakiwa kutoa jibu kabla mvua hazijaanza. Niliombwa nikae na wajumbe, nisome mchoro, kisha nitembee nao eneo lenyewe kabla hawajatia sahihi. Jina la bwawa silitaji kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea, na ni haki ya kijiji kuyamaliza chenyewe.

Niseme mapema kwamba wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, watu wameongezeka kwa kasi. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 760,000 ndani ya jiji peke yake. Watu hao Jumapili wanaenda wapi na watoto wao? Nchi ni kavu, na mahali penye maji na kivuli ni pa kuhesabu. Mwanafunzi wa shule ya msingi wa Dodoma anaweza kumaliza darasa la saba akiwa amesoma habari za ndege wanaotoka Ulaya kuja kwetu kila mwaka, na asimwone hata mmoja, ilhali wako umbali wa safari ya daladala. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anabishania kama watu waruhusiwe kufika bwawani. Watu wamekuwa wakifika hapo tangu lilipojengwa. Ubishi ulikuwa juu ya nini kijengwe, wapi, na kwa faida ya nani.

Maji yasiyokaa mahali pamoja

Bwawa lenyewe ni la tuta la udongo lililoziba mto wa msimu, la aina ileile ya Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kwenye mto Kinyasungwe Ndogo. Mabwawa ya namna hii hayana ukingo mmoja. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima hupata kama milimita 600 au pungufu. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka Desemba nyingine, na maji yanayopotea hewani kwa mwaka ni mengi kuliko mvua iliyonyesha, tena mara kadhaa.

Mchoro ulipimwa Aprili, bwawa likiwa limejaa. Sisi tulitembea Oktoba. Mzee mmoja mvuvi alituongoza, akawa anasimama kila baada ya hatua kadhaa na kutuonyesha chini: mstari wa mabua makavu ya matete, mbele yake mstari wa makombe meupe ya konokono, mbele zaidi tope lililopasukapasuka, kisha tope bichi lenye nyayo za ng'ombe, na mwisho maji. Kila mstari ulikuwa ukingo wa mwezi wake. Kigingi kilichowekwa kuonyesha mahali pa mnara kilikuwa nyuma yetu, kule kwenye mabua, na kutoka pale hata mwenye darubini nzuri angeona nukta nyeusi zinazotembea.

Mzee akasema, "Mwanangu, maji haya yanahama. Huo mnara wenu nao utahama?"

Hilo ndilo swali lililobeba kisa kizima, na ni zito zaidi kuliko linavyosikika, kwa sababu Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya ndege wengi. Vitwitwi na jamii zao wanaozaliana Ulaya na Asia ya kaskazini huanza kufika kwetu kuanzia Agosti na Septemba, wengine wakibaki mpaka Machi au Aprili. Hawatafuti maji mengi. Wanatafuta tope laini lenye vijidudu, na tope hilo hupatikana pale maji yanaporudi nyuma. Wakati ambapo mnara ungekuwa karibu na maji, yaani Machi na Aprili, maji ni ya kina, matete ni marefu, na ndege wametawanyika kwenye mabwawa madogo na madimbwi kila upande. Wakati ndege wamejikusanya, mnara uko mbali nao.

Hali hii haiko kwenye bwawa hili tu. Ziwa Sulunga kule Bahi, linalolishwa na mto Bubu na halina pa kutokea, hutanuka na kusinyaa mno kati ya mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Mtera, bwawa la umeme lililo mpakani mwa Dodoma na Iringa, huacha nyuma uwanda mpana kila maji yanaposhuka. Singida wana bahati nyingine: maziwa ya Singidani na Kindai yako kando ya mji, na mawe makubwa ya granaiti yamekaa karibu na maji. Mtu anaketi nyuma ya jiwe na kutazama. Huku kwetu ufuko ni tambarare, na tambarare ndiyo inayofanya maji yakipungua kidogo kwa kina yakimbie mbali kwa upana.

Kwa nini magharibi?

Niliuliza kwa nini mnara uliwekwa upande wa magharibi. Jibu lilikuwa moja: barabara inapita huko. Gari linafika, mgeni anashuka, anapanda ngazi.

Lakini magharibi ndiko mto unakoingilia. Huko ndiko kuna maji mafupi kuliko kote, ndiko yanakokauka kwanza, na ndiko tope la mto linakojaza bwawa mwaka hadi mwaka. Tuta liko mashariki, na kwenye bwawa la tuta maji ya kina kirefu yako miguuni pa tuta. Mwaka wa ukame maji ya mwisho yanabaki hapo. Mtu akitaka sehemu moja ambayo Aprili ina maji na Novemba ina maji, hana haja ya kutafuta sana.

Kuna na jua. Watazamaji wa ndege hutoka alfajiri, kwa kuwa ndege huwa na shughuli nyingi kabla jua halijapanda. Aliyesimama magharibi saa moja asubuhi anatazama mashariki, jua linamwingia machoni na kumulika tena juu ya maji. Anaona vivuli. Hawezi kutofautisha mguu wa njano na mguu wa kijani, na kwa ndege wa tope mara nyingine tofauti yote ni hiyo. Aliyeko upande wa tuta saa hiyohiyo jua liko mgongoni, na kila unyoya unaonekana. Upepo nao, ambao kiangazi hapa huvuma kwa nguvu kutoka mashariki na kusini-mashariki, unazuiwa na tuta, kwa hiyo maji ya chini yake yanatulia na bata hujikinga hapo. Kila kitu kilikuwa kinaelekeza upande mmoja isipokuwa barabara.

Juu ya tuta lenyewe hatutakiwi kujenga kitu. Shimo la nguzo kwenye tuta la udongo ni mwanzo wa maji kupenya, na mti unaopandwa pale ili kutoa kivuli hupeleka mizizi ndani na kuacha njia mizizi ikioza. Zaidi ya hayo, mtu anayetembea juu ya tuta anaonekana na bwawa zima, mwili mzima ukiwa umechorwa kwenye anga, na ndege wote huruka kabla hajafika katikati. Pendekezo likawa hili: njia ya miguu ipite chini, upande wa nje wa tuta, mgeni asionekane kabisa, mpaka kwenye kilima kidogo mwisho wa tuta upande wa kusini, mbali na njia ya maji ya ziada. Hapo ujengwe ukuta mfupi wa mawe wenye matundu ya kuchungulia, mengine ya kimo cha mtu mzima, mengine ya kimo cha mtoto na cha mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Paa liwe la nyasi. Bati hung'aa, na likipata joto hualika kwa mlio unaoshtua ndege, na watu walio chini yake saa nne asubuhi hawawezi kukaa.

Mnara wa mbao wenyewe ungekuwa chakula cha mchwa. Kila aliyejenga kwa mbao Dodoma analijua hilo, na hakuna fungu la matengenezo lililoandikwa kwenye mchoro.

Mwenye darubini anaona nini

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika chini ya mbuyu. Mtaalamu aliyeleta mchoro alieleza vizuri, akapitisha darubini ili watu wajaribu. Ilipomfikia mama mmoja aliyekuwa amekaa na wenzake kwenye khanga waliyoitandika, alilitazama bwawa kwa darubini, akaigeuza taratibu kuelekea kaskazini, akairudisha.

"Baba, hii nimeielewa," alisema. "Sasa huko juu ya mnara, mgeni akiigeuza huku kwetu jioni, ataona nini?"

Watu walinyamaza, kwa sababu wote walijua. Ufuko wa kaskazini ndipo wanawake wanapofulia, na jioni ndipo wanapooga. Mnara wa ghorofa mbili wenye wageni na darubini ungewafukuza pale bila mtu kuandika kibao cha kuwakataza. Swali hilo peke yake lilitosha kuuangusha mnara, na naliona kuwa ndilo hoja kubwa kuliko zangu zote za jua na upepo. Mpango wa kuwaletea wageni heshima hauwezi kuanza kwa kuwavua wenyeji ya kwao.

Baada ya hapo tulifanya kazi ambayo ilistahili kutangulia mchoro: kuandika nani anatumia ufuko upi, saa ngapi, mwezi gani. Ng'ombe hunywa kaskazini-magharibi kuanzia saa tano mpaka saa nane mchana, na kiangazi wanatoka hata vijiji vya jirani. Wavuvi hushusha mitumbwi alfajiri kusini. Wenye bustani za mchicha na nyanya hulifuata tope maji yanaporudi, kila mmoja na kipande chake, na mipaka yao ya mdomo inaheshimiwa kuliko mingi ya karatasi. Uzio wa seng'enge ungekata njia ya ng'ombe na bustani zote kwa mstari mmoja. Ukaondolewa. Na ng'ombe kwa kweli si adui wa ndege hapa: wanafupisha nyasi, wanaacha nyayo zinazojaa maji na vijidudu, na yangeyange wanawafuata miguuni siku nzima. Shida ni pale njia yao inapokata ardhi na kushusha udongo bwawani, na hilo linatibika kwa kupanga mahali pa kushukia na kupajaza mawe.

Neno ndege mbele ya mkulima wa mtama

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kwelea kwelea. Mtu wa mjini akisema anataka kulinda ndege, mkulima wa Ugogo anafikiria wale wanaoshuka kwenye uwele na mtama kama moshi. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja linaweza kumaliza tani 10 kati ya asubuhi na jioni. Watoto wanakosa shule wakiamia mashamba. Na kwelea wanalala wapi? Kwenye matete ya bwawa hilohilo.

Baba mmoja alisimama akasema wazi kwamba kama mradi utazuia kuchoma matete, yeye hautaki. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na mradi wowote wa ndege katika Tanzania ya kati unaoliruka jambo hili utakwama, hata kama wafadhili hawatajua kwa nini.

Nilieleza ninachokijua. Kuchoma matete yote kunawahamisha kwelea kwenda kwenye vichaka vya miiba vya jirani, wanarudi shambani asubuhi yake. Ndege ya kunyunyizia sumu inaua kwelea wengi, lakini sumu inayotumika, fenthioni, inaua pia mwewe na bundi wanaookota mizoga, na ikinyunyizwa kwenye malalo yaliyo juu ya maji, watu na ng'ombe wanakunywa maji hayo. Kondoa wamekuwa wakiwatega kwelea kwa wingi na kuwala kama kitoweo, na wengine kuuza. Ndege aliyetegwa hana sumu, aliyenyunyiziwa ni hatari kumla. Haya si mambo ya kumaliza uharibifu wote. Ni njia za kupunguza bila kuharibu maji.

Makubaliano yalichukua muda, na yalitoka kwa wakulima wenyewe. Matete yaliyo karibu na mashamba ya mtama, upande wa kaskazini-mashariki, yakatwe kwa mikono kila mwaka kabla mtama haujatoa masuke, na wakataji wayatumie kuezeka na kutengenezea vizuizi vya kujifichia watazamaji wa ndege. Matete ya kusini yabaki. Kundi kubwa la kwelea likilala bwawani, kijiji kimwite bwana shamba mapema, kabla halijakua, na kama kunyunyizia hakuepukiki, sehemu ya wageni ifungwe na watu watangaziwe kutotumia maji wala kuokota ndege. Nilipendezwa na sharti hilo la mwisho: aliyelitoa ni yuleyule baba aliyesimama kwanza.

Kile ambacho mahali hapa panaweza kuahidi

Wale heroe wa kwenye kona ya mchoro waliondolewa, na nilisisitiza waondolewe. Heroe wadogo hula vijimea vya maji ya magadi, na mahali pao pakubwa pa kuzaliana Afrika Mashariki ni Ziwa Natron. Wanazunguka kati ya maziwa ya chumvi kufuata chakula, na hakuna awezaye kumwahidi mgeni tarehe yao. Siku wakipita kwenye bwawa letu, vizuri. Kuuza safari kwa picha yao ni kumtengenezea mgeni kinyongo.

Wakati huohuo maegesho ya magari yalikuwa yamechorwa kwenye mibuyu minne ya magharibi, miwili ikiwa ya kukatwa. Ndani ya matundu ya mibuyu kama hiyo hulala na kuzaliana cherero wa ukosi wa njano, kasuku wadogo wa kijani ambao asili yao ni Tanzania tu. Kwezi wa kijivu, anayerukaruka chini ya mibuyu hiyohiyo na ambaye wenyeji wanamwona kuwa wa kawaida mno, naye hapatikani nchi nyingine. Mtazamaji wa ndege atokaye mbali anaweza kuwaona heroe Kenya. Kwa hawa wawili lazima aje kwetu, na Dodoma ni njia fupi ya kuwafikia. Maegesho yakasogezwa nyuma, kwenye uwanja mgumu kando ya barabara, ambako pia magari hayatachimbua udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua na kuusukuma bwawani.

Kwa mtoto wa shule, naamini ndege wa kuanza naye ni mdiria. Anasimama hewani mahali pamoja, mabawa yakipiga, kichwa kimeinama hakitikisiki, kisha anadondoka wima majini na kutoka na dagaa. Hakuna mtoto anayehitaji kufafanuliwa hapo.

Kwa jioni, jua likiwa magharibi, ukuta wa mawe wa mashariki unapoteza faida yake. Ndiyo maana tuliongeza vizuizi vya matete: fremu nyepesi za fito, watu wawili wanabeba moja, zenye matundu. Vijana wa kijiji watazisogeza mbele kufuata maji kila yanaporudi, na kuzirudisha nyuma mvua zikianza. Njia ya mbao juu ya tope ilifutwa. Ingekuwa juu ya nchi kavu kwa miezi mingi, na ingemweka mgeni katikati ya chakula cha ndege. Asiyekanyaga maji anajiepusha na kichocho pia.

Sheria, choo na fedha

Banda la vinywaji na vyoo yalichorwa hatua chache kutoka majini. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji kama mto, ziwa au bwawa, na kwa bwawa linalohama namna hii busara ni kuzihesabu kutoka mstari wa Aprili. Vyote vikahamishiwa kwenye maegesho. Mama lishe wanne waliokuwa wakiuza chai barabarani watapewa nafasi hapo kwanza, kabla ya mtu yeyote wa kutoka nje.

Ardhi ni ya kijiji, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri haiwezi kuigawa bila ridhaa ya mkutano mkuu. Mkataba wa awali ulitaka mwendeshaji mmoja apewe ufuko wa magharibi wote kwa miaka mingi. Ulikataliwa. Kilichokubaliwa ni kijiji kumiliki njia, ukuta na vizuizi, kutoza kiingilio kidogo kwa wageni wazima, wanakijiji na wanafunzi waingie bure, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi. Vijana sita watafundishwa uongozaji, na kila Januari watashiriki kuhesabu ndege wa majini, mwezi ambao hesabu hiyo hufanyika sehemu nyingi za Afrika.

Mfadhili alipoona mchoro mpya alilalamika kwamba hakuna cha kupiga picha ya uzinduzi. Ni kweli, gharama imeshuka sana na hakuna mnara. Mpaka sasa hajaamua, na kijiji kimeanza kukusanya mawe ya ukuta bila kumsubiri. Lililobaki bila jibu ni miaka ya ukame mkali, pale maji yanapobaki miguuni pa tuta tu na ng'ombe wote, wavuvi wote na ndege wote wanapohitaji kipande kilekile. Wafugaji wanataka siku hizo sehemu ya wageni ifungwe mpaka mvua inyeshe. Vijana waongozaji wanapinga, kwa kuwa huo ndio wakati wa ndege wengi na wa fedha. Mimi nimewaambia nawaunga mkono wafugaji. Mkutano mkuu ujao ndio utakaoamua.